Upole wa Hadithi na Haki ya Shamba

Ukweli ni deni ambalo mtu mzima humlipa mtoto kila siku. Amfundishaye mtoto kuhesabu hana ruhusa ya kusema kuwa mbili na mbili ni tano kwa sababu tano yapendeza zaidi. Amwonyeshaye njia ya kisimani hana ruhusa ya kuficha shimo lililo katikati ya njia. Lakini mtu huyo huyo, jua likisha kutua na moto ukisha kukolea, humketisha mtoto karibu yake akamwambia kwamba chui alimwalika mwanambuzi kunywa uji, na kwamba baada ya uji waliagana kwa amani. Asemapo hayo haoni haya, wala mtoto hamdai ushahidi. Yafaa kuuliza: je, huo ni uongo? Na kama si uongo, ni kitu gani kiuokoacho usiwe uongo?

Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini chini ya Mlima Meru lina uzito wa peke yake. Mtoto wa London asomaye habari za sungura aliyevaa koti aghalabu hana shamba ambalo sungura huyo aweza kuliharibu. Mtoto wa Ngare Nanyuki au wa Ngongongare analo. Hifadhi ya Taifa ya Arusha i jirani na kwao, na ndani yake wamo nyati, twiga, pongo, ngiri, kima, nyani, na mbega wenye mikia mirefu myeupe. Kwa mtoto huyo nyani si picha ya kitabuni. Ni jirani mwenye mikono kama yake, ajuaye siku ya kukomaa mahindi kabla mwenye mahindi hajaijua. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika jiji la Arusha, yuko mtoto mwingine ambaye humwona chui akiwa amechorwa ubavuni mwa gari la watalii, na huenda asimwone kwa namna nyingine maisha yake yote. Watoto hawa wawili husikiliza hadithi moja. Kwa hiyo msimulizi hana budi kuwafikiria wote wawili.

Hadithi zenyewe zajulikana kwa desturi zake. Ni masimulizi ya mfululizo, kitabu baada ya kitabu au kipindi baada ya kipindi, ambamo wanyama wa mashamba na misitu huishi kama majirani wema. Mahali pao ni padogo na panajulikana: kijito kimoja, mti mmoja mkubwa, njia moja ipandayo kilimani. Kila mnyama ana tabia moja kuu, mmoja mwoga, mmoja mlafi, mmoja msahaulifu, mmoja mwenye busara kwa ajili ya umri wake. Na tabia hiyo haibadiliki, kwa kuwa mtoto hufurahi kumkuta rafiki yake kama alivyomwacha. Ugomvi huzuka asubuhi, nao sharti uishe kabla ya giza. Hakuna afaye. Hakuna amlaye mwenzake. Kila mmoja hula matunda, asali na mikate ambayo haisemwi imetoka wapi. Hadithi ya pili huanza kana kwamba ya kwanza haikuacha kovu.

Desturi hizi ni za zamani kuliko televisheni, wala hazikuzaliwa zikiwa kamili. Beatrix Potter, aliyetoa kitabu chake The Tale of Peter Rabbit mwaka 1902, ahesabiwa miongoni mwa mama wa hadithi za upole. Lakini katika kurasa zake za mwanzo kabisa mtoto huambiwa kwamba baba yake Peter alikamatwa katika bustani ya bwana mmoja na kutiwa katika chakula. Koti la Peter ni zuri, na bustani ina mwenyewe, na kuingia humo kuna gharama. Colin Dann, katika The Animals of Farthing Wood ya mwaka 1979, aliwafanya wanyama waliofukuzwa msituni mwao na wajenzi wale kiapo kwamba hawatadhuriana wawapo safarini. Hapo upole una sababu: bweha na sungura wamepatana kwa kuwa wote wamepoteza makao. Kwa waliofuata nyuma yao mara nyingi kiapo kimeondolewa na amani imebaki, kana kwamba amani ni hewa isiyotafutwa na mtu.

Masimulizi ya Kiswahili yalishika njia nyingine. Katika hadithi ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870 imo ile ya kima na papa. Papa amchukua kima mgongoni kwa maneno ya urafiki, na katikati ya bahari amwambia kwamba moyo wake watakiwa uwe dawa ya sultani. Kima ajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, na kwa jibu hilo arudishwa pwani akapona. Hadithi hii ina ndugu zake Bara Hindi, katika Panchatantra, ambako mwindaji ni mamba. Imesafiri mbali, na kila ilipofika imesema neno lile lile: urafiki wa mwenye meno ni wa kupimwa. Huku bara nako, kwa watu wengi, bingwa ni sungura, na fisi ni mjinga wa daima. Sungura hudanganya, huiba, hukimbia na kucheka. Akishindwa kwa nguvu hushinda kwa maneno.

Watu wengine husema kwamba hadithi za namna hii ndizo za kweli, na kwamba zile za upole ni ulaini uliotoka ng'ambo. Hoja yao si dhaifu. Mtoto mdogo ni mnyonge miongoni mwa wakubwa, na sungura humfundisha kwamba unyonge si mwisho wa mambo. Watoto waliokua katika nchi iliyotawaliwa na wageni hawakuwa na haja ya kuambiwa kwamba simba ni rafiki. Walikuwa na haja ya kujua namna ya kutoka katika pango lake. Kwa kipimo hiki mtu amwambiaye mtoto kwamba chui na mwanambuzi walikunywa uji pamoja amempokonya silaha.

Hata hivyo hadithi ya sungura nayo ina kimya chake. Yasema kwamba mwenye akili hushinda daima, na kila mkulima wa Meru aliyetazama mvua ikikatika ajua kwamba si hivyo. Yasema kwamba fisi astahili kila lililompata, na mtoto hucheka fisi anapochomwa, bila kuulizwa hata mara moja kama fisi alikuwa na njaa. Akishinda sungura kwa kumhadaa mjinga, hadithi humpigia makofi. Nao mtoto akitoka nje akamhadaa mdogo wake, hupigwa. Basi hadithi kali haina haki ya kujisifu mbele ya hadithi ya upole kwamba yenyewe peke yake ndiyo ya kweli. Kila desturi ya kusimulia huonyesha jambo moja na kufunika jingine. Moja hufunika meno, nyingine hufunika huruma.

Yabaki kutafuta mpaka kati ya kufunika na kudanganya, na mpaka huo wazee wa lugha hii waliujua vizuri. Msimulizi husema, Paukwa! Wasikilizaji hujibu, Pakawa! Maneno mawili tu, lakini ni mkataba. Mahali pengine wasikilizaji huiita hadithi ije, tena huuita na uongo uje pamoja nayo, mradi ukolee utamu. Taifa lisilojua tofauti ya hadithi na udanganyifu lisingethubutu kutamka hivyo mbele ya watoto. Mdanganyifu huficha kazi yake; akitangaza kwamba sasa anaanza kudanganya, kazi yake imekufa. Msimulizi hutangaza, na kwa kutangaza hufungua mlango ambao wote wawili, yeye na mtoto, huingia kwa hiari na hutoka kwa hiari. Mtoto aliyeitika Pakawa hakudanganywa kuhusu chui, maana alikubali kwa kinywa chake mwenyewe.

Mlango huo waweza kubadilika umbo bila kupoteza kazi yake. Mwaka 2016 shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kuonyesha katuni iitwayo Akili and Me, kwa ajili ya watoto wa miaka 3 hadi 6. Akili ni msichana wa miaka 4 akaaye na jamaa zake chini ya Kilimanjaro, mlima ambao mtu wa Meru huutazama upande wa macheo. Kila apatwapo na usingizi huingia nchi iitwayo Lala Land, na huko hucheza na kujifunza herufi, hesabu na sanaa pamoja na marafiki zake wanyama, simba mdogo na kiboko wakiwamo. Hii ni hadithi ya upole kwa desturi zake zote. Lakini tazama ilivyojengwa: simba hamfuati Akili mpaka uani kwao. Usingizi ndio Paukwa, na kuamka ndiko mwisho wa hadithi. Mtoto wa Ngongongare, ajuaye kwamba kiboko aua, aweza kumpenda kiboko wa Lala Land bila kuacha kumwogopa kiboko wa ziwani. Aliyetunga mlango ule alimheshimu.

Kama jambo lingeishia hapa, jibu la swali lingekuwa jepesi: hadithi iliyotangazwa kuwa hadithi si uongo. Lakini liko jambo zaidi, na hapo ndipo penye hatari. Mkataba wa Paukwa hufunika yale tu ambayo mtoto ajua kwamba ameyakubali. Amekubali kwamba wanyama husema. Amekubali kwamba chui ameacha nyama kwa usiku mmoja. Hakukubali mambo ambayo hadithi yaingiza bila kuyatamka, nayo ndiyo yakaayo moyoni baada ya moto kuzimika. Moja la mambo hayo ni kubwa kuliko mengine: kwamba nchi ya wanyama haina watu, au kwamba wakionekana watu humo, wao ndio wageni na wao ndio waovu.

Meru ina sababu ya kulijua jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 katika nchi ya Ngare Nanyuki ili mahali hapo pawe malisho ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1960 ilianzishwa hifadhi ya kreta ya Ngurdoto, ambayo baadaye iliunganishwa na mlima wenyewe ikapata jina la Arusha. Na mwaka 1962 ilitoka sinema ya Hatari!, iliyopigwa kwa sehemu kubwa pande za Momella, chini ya mlima huo huo. Ndani yake ndovu wachanga humfuata mwanamke mmoja kama watoto wamfuatavyo mama, na watazamaji wa nchi nyingi wakaipenda nchi hii kwa ajili yao. Wenyeji huonekana pembeni tu. Mtu aliyeijua Meru kwa sinema hiyo peke yake angesema kwamba ni nchi ya nyasi, wanyama wazuri na wageni wachangamfu, na asingeota kamwe kwamba miaka 10 kabla yake wenye nchi walikuwa wakidai mashamba yao ng'ambo ya bahari.

Hakuna asemaye kwamba katuni ya mtoto ni sawa na amri ya kuhamisha watu. Lakini jicho lililozoezwa tangu utotoni kuona bonde bila kumwona alilimaye ni jicho litakaloona vyepesi, litakapokua, kwamba bonde li tupu. Hapo hadithi imedanganya kweli, maana imesema neno ambalo halikupita mlangoni. Mtoto aliitika Pakawa kwa ajili ya chui asemaye. Hakuna aliyemwuliza kama aitika pia kwa ajili ya shamba lisilo na mwenyewe.

Fikiri basi habari ya nyani. Nyani aingia shambani na kula mahindi. Kwa mwandishi wa hadithi za upole huyu ni mtundu mwenye njaa, na mkulima ajaye na fimbo ni mzee mkali asiyependa michezo. Mtoto wa jiji atacheka. Mtoto wa Ngare Nanyuki atakuwa na shida, kwa sababu mzee mkali ni babu yake. Yeye mwenyewe ameketi juu ya dungu saa za baridi akipiga debe. Mahindi yale ndiyo loshoro ya nyumbani na ndiyo sare ya shule. Hadithi imemwomba asimame upande wa nyani dhidi ya bakuli lake. Akikubali, amemsaliti babu. Akikataa, atadhani kwamba moyo wake ni mgumu kuliko mioyo ya watoto wengine. Hilo ni neno baya kumfanyia mtoto kwa jina la upole.

Wala dawa yake si kumrudisha nyani katika ubaya wa fisi. Kutunga kwaweza kufuata njia ya tatu. Tuseme hadithi yaanza kwa binti aketiye juu ya dungu, na nyani mchanga chini ya mti. Wote wawili wana njaa, na hadithi yasema hivyo. Nyani auliza kwa nini mahindi yote ni ya binti. Binti hajibu kwa fimbo. Amhesabia siku: siku ya kulima, siku ya kupanda, siku za kupalilia, usiku wa kulinda. Nyani naye amhesabia miti ya msitu aliyokuwa akila matunda yake mama yake, ambayo leo haipo. Hakuna kati yao aliye mwongo. Hadithi yaweza kumalizika kwa gunzi moja lililogawanywa, au kwa mkuyu uliopandwa kando ya mto, au hata bila mapatano, kila mmoja akienda kulala huku akimfikiri mwenzake. Hapana damu iliyomwagika, wala hapana aliyefanywa mwovu ili mwingine apendeke. Hadithi hii ni ya upole, na mjukuu wa mkulima aweza kuisikia bila kumwonea babu yake haya.

Mtu aweza kupinga kwamba haya ni mazito kwa mtoto wa miaka 4, na kwamba mtoto apaswa kuachwa alale kwa amani kabla ya kuonjeshwa ukali wa dunia. Pingamizi hili lina haki yake. Mzazi mwenye busara hamwambii mtoto mdogo kila ajualo kuhusu mauti, na kunyamaza kwake si uongo, kwa maana atasema wakati ukifika. Hadithi ya upole nayo yaweza kuahirisha. Yaweza kuahirisha kifo, na meno ya chui, na ghadhabu ya nyati. Lakini kuna mambo ambayo kwa mtoto wa mlimani hayaahirishiki kwa sababu yamekwisha kuwasili. Njaa ya miezi kabla ya mavuno haikungoja afikishe miaka 10. Kazi ya dungu haikumngoja. Hadithi ikinyamaza juu ya mambo ambayo mtoto ameyajua tayari, haimlindi. Yamwacha peke yake nayo. Kumbe upole wenyewe ungekuwa kumwambia kwamba hata katika hadithi wako watu waliolinda mashamba usiku, na kwamba walipendwa.

Yaonekana basi kwamba haki ya msimulizi ina mipaka miwili. Kwanza atangaze mlango. Akisema Paukwa, au akimlaza shujaa wake usingizi, au akitumia alama nyingine yoyote iliyo wazi kwa mtoto, ana uhuru wa kumpa punda ulimi na kumnyima chui nyama. Pili, akisha kuingia, asiibe. Aweza kuondoa meno. Asiondoe njaa, kwa kuwa njaa ndiyo iwafanyayo wanyama na watu kuwa jamaa moja. Aweza kuondoa kaburi. Asimwondoe mwenye shamba, kwa kuwa mtoto wake yupo miongoni mwa wasikilizaji.

Kazi hii yawahusu hasa wale wanaoandaa vitabu na vipindi kwa lugha ya Kiswahili, kwa sababu lugha hii husikika mjini na mlimani kwa wakati mmoja. Mwandishi akimsahau mtoto wa jiji atatunga hadithi ambayo ni onyo tu la wakulima, na mtoto huyo atakua akimjua mnyama kwa hasara yake peke yake. Akimsahau mtoto wa mlimani atatunga uzuri uliolipiwa na mtu mwingine. Bonde la hadithi laweza kuwa na kijito kimoja, mti mmoja na njia moja kama desturi ilivyo. Kando ya njia hiyo na liwepo dungu, na juu ya dungu mtu, na chini yake mnyama atazamaye juu, ambaye bado hajui ataambiwa nini.